Toroli la Darsait

Nilikuwa nimechoka kabla hata sijawasha gari.

Tangu alfajiri nilikuwa nimesimama. Skuli kwanza, na wale wasichana ninaowasomesha, wanaojua kila kitu isipokuwa somo la siku hiyo. Kisha foleni ya kupanda mlima mpaka kwetu Al Amerat, kisha jiko, kisha simu. Gari la Muhanna limekufa betri, nimfuate Darsait. Mlima ule ule niliokwisha kuupanda niushuke tena, saa ambayo watu wenye akili zao wanatawadha na kungoja adhana ya magharibi. Nikavaa abaya juu ya nguo za jikoni, nikatoka. Mume ni wangu, nitamtupa wapi?

Muhanna, kwa asiyemjua, ni mtu wa magari. Alifanya kazi depo ya mabasi ya Darsait tangu ana nywele mpaka hana, akawa mkubwa wa mafundi, akastaafu. Baadaye depo yenyewe ikafungwa. Akaja tajiri mmoja, Yaqdhan, akainunua na kusema ataigeuza makumbusho ya usafiri, yenye mabasi ya kizamani na malori yaliyokuwa yakipita mabondeni kabla ya lami. Akamwita Muhanna awe mwangalizi. Nilifurahi. Mwanamume aliyestaafu akikaa nyumbani huanza kukukagua masufuria.

Lakini Ramadhani iliyopita moyo ulimgomea. Hospitali wakamzibua mishipa. Daktari akaniita pembeni, mimi, si yeye, akaniambia asibebe, asivute, asisukume kitu kizito. Akijitutumua, moyo huu hautampa onyo la pili. Nilipomweleza Muhanna aliitikia kwa adabu kama mtoto wa chuoni mbele ya mwalimu wake, kisha akalala fofofo. Mimi ndiye niliyeanza kulala nusu usingizi, sikio moja kwenye pumzi zake.

Na tangu toroli lilipokuja, pumzi zile hazikuwa nzuri.

Toroli lilitoka Mombasa, walikotoka wazee wake na wazee wangu kabla hawajavuka bahari kuja huku. Zamani, kabla magari hayajaenea, mji ule ulikuwa na reli nyembamba kandokando ya njia, na juu ya reli viti vya watu wawili, vyenye paa la turubai na magurudumu ya chuma. Hakuna injini, hakuna punda. Mmoja anakaa, mwengine anasukuma. Babu yake Muhanna alikuwa na toroli lake mwenyewe, na ukoo mzima hauchoki kulihadithia. Katika hadithi zote hizo babu amekaa. Aliyekuwa anasukuma sijawahi kusikia hata jina lake.

Yaqdhan alilikuta la kwake kwenye shamba moja Mtwapa, limefanywa banda la kuku. Likaletwa kwa meli mpaka Sohar, maana Bandari ya Sultan Qaboos siku hizi ni ya meli za watalii. Na watalii hao ndio aliokuwa akiwataka, waje Darsait, wapandishwe kwenye toroli, wasukumwe, wapigwe picha. Muhanna akalitengeneza, akasimamia vijana wakalilazia reli ndani ya banda kuu la depo, kutoka mlangoni mpaka ukuta wa mwisho.

Basi kuanzia wiki hiyo mume wangu akawa anarudi baada ya isha akiburura miguu. Viganja vimejaa malengelenge. Dishdasha yake, kanzu ya huku, imelowa jasho mgongo mzima, na inanuka... mbata. Nazi iliyokaushwa. Nani anakausha nazi Darsait? Nikimuuliza ananijibu, "Joto tu, Masouda." Nilimdhania mke wa pili. Kisha usiku mmoja nikavitazama viganja vile amelala, nikaona hapana, hakuna mke wa namna hiyo.

Jua lilikuwa linazama nilipoegesha nje ya depo. Mlinzi wao ni mtu mzima wa Kilifi, mpole. Nilishangaa kukuta amehamisha kiti chake. Alikuwa amekaa ng'ambo ya barabara, karibu na duka la matairi, analiangalia lango kwa mbali.

"Salaam aleikum, madam," akasema, akisimama. "Mzee yuko ndani. Ungoje tu hapa, atatoka akimaliza."

"Akimaliza nini?"

Akaangalia viatu vyake. "Kazi yake."

"Nenda kamwite, tafadhali. Nna chakula motoni."

"Saa hizi mimi siingii, madam. Mzee mwenyewe alinikataza. Alisema nikikanyaga ndani baada ya adhana, khalas, kazi sina." Akageuka kulitazama lango. "Halafu kuna ile harufu."

"Harufu gani?"

"Ya kwetu," akasema.

Adhana ikaanza, msikiti wa karibu kwanza, kisha ule wa upande wa Ruwi. Nilimngoja mwadhini amalize. Ningeweza kukaa garini, nikawasha kiyoyozi, nikapumzisha mgongo. Laiti ningekaa. Lakini nilikuwa nimechoka na siri, na uchovu wa aina hiyo unakupa ujasiri wa kijinga. Nikavuka barabara, nikasukuma lango.

Ndani ya banda mlikuwa na giza la kijivu. Mabasi yamepangwa pande mbili, taa zao zinanitazama. Katikati ndipo ilipopita reli. Toroli halikuwapo mahali pake.

"Hodi," nikasema. "Muhanna?"

Nikasikia, kutoka mwisho wa banda, mbali...

Ngrrr... kwii. Ngrrr... kwii.

Chuma juu ya chuma. Taratibu. Na juu ya sauti ile, sauti ya mtu aliyekauka koo:

"Simile... simile..."

Nikapisha. Sikufikiri. Mtu wa pwani akisikia simile anapisha, anajua kuna hamali nyuma yake na mzigo. Nikajibana ubavuni mwa basi, na toroli likatoka gizani.

Aliyekuwa akisukuma ni Muhanna.

Miguu mitupu. Dishdasha ameipandisha na kuifunga kiunoni. Kichwa amekiinamisha katikati ya mikono, na jasho linamdondoka puani. Mwanamume aliyekatazwa kubeba hata mfuko wa mchele.

Kiti kilikuwa kitupu. Nilikitazama vizuri, paa lilikuwa limeteremshwa na ndani mna kivuli, lakini hapakuwa na mtu. Ila mto wa kiti ulikuwa umebonyea. Springi za upande mmoja zilikuwa zimelala mpaka chini.

"Muhanna."

Hakuinua uso. "Toka, Masouda," akanong'ona. "Toka nje sasa hivi. Usiseme kitu."

Akanipita. Harufu ya mbata ikanipiga usoni, na chini yake harufu nyengine, ya udi wa bei kubwa. Toroli likaendelea mpaka mlangoni, likagota, likageuka kurudi bila ya mtu kuligeuza. Muhanna alikuwa tena nyuma yake, mikono kwenye mti wa kusukumia. Akanipita mara ya pili. Sasa anaelekea kule mwisho, kwenye ukuta.

Nilingoja nisikie likigonga ukuta.

Halikugonga.

Ngrrr... kwii... Sauti ikaenda, ikaenda, ikawa mbali kuliko urefu wa banda, mbali kuliko Darsait yenyewe. Nikasikia kunguru. Nikasikia, kwa mbali kabisa, watu wengi wanapiga soga kwa Kiswahili cha kikale, na mtu anacheka. Kisha hata hayo yakapotea. Nikabaki peke yangu na mabasi, nasoma Ayatul Kursi na kuikosea mahali ninapoijua kuliko jina langu.

Sijui ilichukua muda gani. Toroli liliporudi, magurudumu yalikuwa na udongo mwekundu, mbichi. Huku kwetu mvua haijanyesha tangu majira ya baridi. Likasimama mbele yangu, na Muhanna akalala kifua juu ya mti wa kusukumia. Midomo yake ilikuwa ya buluu.

"Anapumzika hapa kidogo," akanong'ona. "Kisha tunakwenda tena. Mpaka isha."

"Wacha hicho chuma. Twende."

"Hakiwachiki."

Akajaribu kunionesha. Akavuta vidole, na ngozi ya viganja ikavutika navyo, imeng'ang'ania mti kama imeota hapo. Niliyafumba macho.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Mwenyewe." Alikuwa anavuta pumzi kila neno. "Siku reli ilipokwisha. Nlikuwa nafunga banda, saa kama hizi. Nkamuona mzee analisukuma. Kifua wazi, mbavu zote nje. Nkadhani mtu wa Yaqdhan. Mtu mzima, Masouda, sawa na baba yangu. Mimi nisimame nimtazame? Nkamwambia, mzee, nikupokee."

Sikumlaumu. Ningemlaumu kwa lipi? Katika nyumba zetu mtoto hufunzwa hilo kabla hajajua kufunga vifungo vyake. Mtu akiingia na mzigo unainuka, unasema nikupokee, unautwaa. Ukiwa ni mkoba wa mikate au gunia, ni mamoja. Hatuulizi umebeba nini wala unakipeleka wapi. Mama yangu alikuwa akitufinya paja kwa siri tukichelewa kuinuka.

"Akanitazama," Muhanna akasema. "Akasema ahsante, mwanangu. Akaachia. Wallahi nliona mgongo wake ukinyooka. Akaenda zake, akapita ukutani. Mimi nkabaki nimeshika. Kisha huyu akagonga."

"Huyu nani?"

Tok.

Ilitoka ndani ya toroli, chini ya paa. Fimbo juu ya ubao wa kuwekea miguu. Haikuwa na hasira, ilikuwa na subira ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Muhanna akajikunyata.

"Simjui. Sijamuona uso. Siku moja nkaenda msikitini badala ya kuja huku. Nkasujudu, nkainua kichwa, nko hapa, nasukuma." Akafuta jasho begani. "Hatoki mtu ila apokewe. Ndiyo maana nimewakataza wote. Mlinzi, Yaqdhan, watoto wetu. Wote watu waliolelewa, wote watasema nikupokee. Na wewe usiseme, Masouda. Nnakuomba."

Neno lenyewe lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu. Nilipomwona pale, mume wangu wa ujana wangu, mdomo ulifunguka wenyewe. Nikaumeza ulimi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu alikuwa ameficha maradhi yake kwa ajili yetu sote, siku zote hizi, akiniambia joto tu.

Tok. Tok.

Muhanna akaanza kusukuma. Toroli halikutikisika. Akasukuma tena, na hapo akatoa sauti ndogo, ya kushtuka, na bega lake la kushoto likashuka.

"Kifua?" nikamuuliza.

Alikuwa anatazama chini, kama mtu anayesikiliza kitu ndani yake. Nilijua. Akienda safari nyengine, hatarudi.

Nitasema kweli, haukuwa ushujaa. Zilikuwa hasira, hasira za mtu aliyesimama tangu alfajiri akamkuta mwengine amekaa. Nikazunguka toroli, nikasimama katikati ya reli, mbele yake. Nikainama nikatazama chini ya paa.

Giza. Nusu ya juu yote giza. Lakini juu ya ubao palikuwa na miguu miwili, imevaa makubadhi ya ngozi. Miguu misafi, laini, nyayo hazina hata ufa. Makubadhi yalikuwa mapya, chini hayana vumbi. Ilikuwa miguu ya mtu asiyekanyaga chini.

Akili yangu, sijui kwa nini, ilitulia. Nikafikiri, safari haimalizwi na anayesukuma. Anayesukuma atabadilishwa na mwengine, na mwengine, mpaka Kiyama. Safari humalizika abiria akishuka. Na huyu, nani alimwambia kuwa wamefika?

"Tumefika, bwana," nikasema. "Shuka."

Fimbo haikugonga.

"Tumefika," nikarudia. "Safari imekwisha. Shuka umwache mtu wa watu."

Tok, fimbo ikasema. Polepole. Nikaelewa, kama ungeelewa wewe ukimtazama mzee wa heshima amekaa garini mlangoni kwako, mlango uko wazi, na yeye hateremki. Anangoja. Mtu wa namna ile haambiwi shuka.

Nyuma yangu... la, nyuma ya toroli, Muhanna alipiga magoti, mikono bado imening'inia kwenye mti.

Na mimi nikasema. Hata leo sijui kama nilikusudia, au ni lile paja langu lililokumbuka vidole vya mama.

"Karibu, bwana. Karibu nyumbani."

Mto wa kiti ukaanza kuinuka.

Taratibu, taratibu, ukajaa. Springi zikapumua. Paa likasogea, na kitu kikanipita ubavuni, karibu mno, nikasikia mchakacho wa kanzu iliyotiwa wanga. Udi. Mbata. Kisha fimbo juu ya sakafu ya saruji... tok... tok... tok... inaelekea mlangoni. Haina haraka.

Muhanna alianguka kando. Viganja vyake vilikuwa vimeachia.

Nilimkokota mpaka nje, mkono wake shingoni mwangu, miguu yake ikikwaruza. Barabarani taa zilikuwa zimewaka na watu wanatoka msikitini, jioni ya kawaida ya Darsait, harufu ya vitunguu inatoka kwenye vibanda. Mlinzi alikuwa amevuka barabara. Alisimama kando ya gari letu, kichwa chini, na alikuwa ameushika wazi mlango wa nyuma. Ndivyo anavyofunguliwa mlango mtu mkubwa. Akangoja kidogo. Akaufunga kwa adabu. Kisha akautazama mkono wake, akanitazama mimi, machoni mwake maji yanalengalenga.

"Madam," akasema, "nimemfungulia nani?"

Nilimweka Muhanna kiti cha mbele, nikaenda naye hospitali moja kwa moja, na madaktari wakamrudishia uhai. Dakika chache zaidi, daktari alisema, tusingezungumza haya. Alipotoka wodini nikamleta nyumbani. Gari lilipanda mlima wa Al Amerat kwa gia ya chini, linakoroma, nyuma limelala kama lina mifuko ya saruji. Kioo cha kati nilikigeuza juu, kwenye dari. Sikutaka kujua.

Siku hizi Muhanna anaendelea vizuri. Rangi imerudi, viganja vimepona, anakagua masufuria yangu. Depo imefunguliwa, watalii wanasukumwa kwenye toroli wanacheka, na Yaqdhan anasema ni jepesi ajabu. Nilimpigia nikamuuliza habari za yule wa Mtwapa aliyemuuzia. Akasema hakumbuki mengi, ila kwamba yule mtu hakuweza kuweka wafanyakazi shambani. Walikuwa wakiacha kazi mmoja baada ya mwengine, hawana ugonjwa, wamechoka tu.

Kisha nikamwendea Bi Ghaliya, shangazi yake Muhanna, ambaye ndiye mkubwa wao aliyebaki. Nikamuuliza babu alikufaje. Akafumba macho mpaka nikadhani amesinzia.

"Walisema alifia njiani," akasema. "Jioni, juu ya toroli lake. Likafika mlangoni, nyumba nzima wamemuona. Hamali akainama kumtazama, hakuthubutu kumwamsha bwana mkubwa. Akaendelea kusukuma."

"Mpaka wapi?"

"Ndiyo hilo," akasema Bi Ghaliya. "Hawakuonekana tena, yeye wala hamali. Nyumbani walizika sanda tupu. Lakini mwanangu, matoroli yalikuwa mengi Mombasa, na mabwana wakubwa walikuwa wengi. Usiniulize kama ni yeye."

Sikumuuliza. Awe ni yeye au si yeye, yuko kwangu.

Anakaa majlisi, chumba chetu cha wageni, pembeni, kwenye mto ulioko chini ya dirisha. Ukiingia mchana utadhani ni mto uliochakaa. Adhana ya magharibi ikimalizika, fimbo inagonga. Tok. Nami nainuka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini wahenga hawakuniambia nani ampelekee jembe huyu. Nashika dele, birika letu la kahawa, namimina.

Mnajua desturi ya huku. Mgeni akitosheka anakitikisa kikombe kati ya vidole, ndiyo unaacha kumimina. Asipokitikisa, unamimina. Huwezi kumwacha mgeni na kikombe kitupu ndani ya nyumba yako. Basi namimina, nakiweka juu ya mkeka mbele ya mto ule, natazama kahawa ikipungua, ikapungua, ikaisha. Namimina tena. Dele halimaliziki kahawa. Linazidi uzito tu, na mkono wangu hauliachi mpaka isha.

Hajakitikisa hata siku moja.

Skuli nimeomba likizo. Siwezi tena kuandika ubaoni, bega halipandi. Watoto nimewaambia wasije jioni, wamekasirika, wanadhani tumegombana. Wakasirike. Muhanna anajua, nilimweleza kila kitu, na tuliapishana kwamba hatasema nikupokee. Yeye ikifika magharibi anaingia chumbani, anafunga mlango kwa ndani, anaongeza sauti ya Qur-ani kwenye simu ili asisikie. Moyo wake hautampa onyo jengine, na hilo analijua kuliko mimi.

Jana nilichoka vibaya. Kikombe cha kwanza tu na dele lilinielemea. Nikamimina, nikamwaga nusu juu ya mkeka. Tok, ikanikemea. Nikamimina tena kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yananitoka, si ya huzuni, ni yale yanayomtoka mtu akibeba kitu kilichomzidi. Sikujisikia nikilia kwa sauti, lakini nadhani nililia.

Kwa sababu Qur-ani ilizimika chumbani.

Kitasa kikageuka.

Nikasikia hatua zake ukumbini, zile za kuburura, nazijua kuliko zangu. Pazia la mlango wa majlisi likasogea. Sikuweza kugeuka, kikombe kilikuwa kitupu.

"Muhanna," nikanong'ona. "Rudi. Kwa haki ya Mungu, rudi."

Alisimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi zake, zile ninazozihesabu usiku. Alikuwa ananitazama mkono, najua. Mtu aliyelelewa vizuri, ananipenda, anamtazama mkewe ameelemewa.

"Usiseme," nikamwambia.

Kama alisema, alisema polepole mno, sikumsikia. Nilisikia tu dele likiwa jepesi mkononi mwangu.